Fundi Rangi wa Nyumba ya Zamani na wa Nyumba Mpya: Niliyojifunza Makole na Iyumbu

Nyumba aliyotuachia baba ipo Makole, hapa Dodoma mjini, na ilijengwa miaka michache baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia huku makao makuu ya nchi. Nyumba yangu mwenyewe ipo Iyumbu, na plasta yake bado ni changa. Nimezipaka rangi zote mbili, na kosa lililonigharimu zaidi lilikuwa kumchukua fundi aliyeifanya vizuri kazi ya vyumba vya Iyumbu na kumpeleka moja kwa moja Makole, nikiamini kwamba ukuta ni ukuta.

Yule kijana hakuwa mvivu. Alipiga msasa kidogo, akapangusa vumbi, akapaka mikono miwili, yaani matabaka mawili, ya rangi ya maji, na kwa miezi kadhaa ya kiangazi nyumba ilipendeza hata majirani wakaulizia namba yake. Mvua zilipoanza Desemba, rangi ya sebuleni ilivimba na kubanduka vipande vipande kama ganda la yai lililochemshwa. Chini yake kulikuwa na matabaka ya chokaa ya miaka mingi, na kuanzia kiunoni kwenda chini kulikuwa na rangi ya mafuta iliyopakwa zamani ili ukuta ufutike kwa urahisi. Chokaa iliyozeeka hugeuka unga, kwa hiyo rangi mpya ilishika ule unga, haikushika ukuta. Rangi ya mafuta nayo huwa laini mno, na isipokwaruzwa vizuri kwa msasa na kutanguliziwa praima, yaani rangi ya msingi ya kushikisha, rangi ya maji haipati pa kung'ang'ania.

Fundi wa pili, mzee aliyekuwa amefanya kazi hiyo tangu ujana wake, hakutaja bei siku ya kwanza. Alinisalimu, akaomba kiti kidogo cha kukanyagia, kisha akapitisha kiganja ukutani na kunionyesha weupe uliobaki mkononi. Alibandika utepe wa gundi mahali panne na kuuvuta kwa ghafla ili aone kinachong'oka nao. Akaniuliza, "Mwalimu, bati linavuja upande gani, na mara ya mwisho mlipaka rangi gani?" Tangu siku hiyo, fundi anayetaja bei akiwa amesimama mlangoni, kabla hajaugusa ukuta wala kuuliza historia yake, simpi kazi ya nyumba ya zamani hata kama bei yake ni nusu. Katika nyumba hizo kazi kubwa ni kukwangua, kuosha, kuziba na kupaka praima inayoshikisha unga uliobaki, na kupaka rangi yenyewe huchukua siku chache tu mwishoni. Muulize fundi wako ametenga siku ngapi za maandalizi, na jibu lake litakueleza mengi.

Lipo jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi, nami naliona zito kuliko uzuri wa ukuta. Rangi za mafuta za zamani mara nyingi zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake likivutwa au kulambwa na watoto huathiri ubongo wao. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo msasa mkavu usitumike kwenye milango na madirisha ya zamani. Fundi aloweshe maji kwanza, atandike turubai chini, avae barakoa, na watoto pamoja na wajawazito walale kwa ndugu hadi usafi ukamilike. Fundi akilipuuza hilo, mtafute mwingine.

Nyumba mpya ina maradhi yake. Kule Iyumbu nilikuwa na haraka ya kuhamia, nikaruhusu ukuta wa uzio upakwe rangi siku kumi tu baada ya plasta. Saruji changa ina ukali unaochubua na kufifisha rangi, na maji yaliyomo ndani yake lazima yatoke kwanza, ndiyo maana inashauriwa kusubiri wiki nne hivi. Hapa kwetu kuna chumvi pia. Visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvi, na yakichanganyiwa saruji, au unyevu ukipanda ukutani kutoka kwenye msingi, maji hukauka na kuacha unga mweupe unaoisukuma rangi nje. Kuupaka juu ni kupoteza fedha. Uondoe kwa brashi kavu, tafuta unyevu unakotoka, subiri ukuta ukauke, ndipo utumie praima inayostahimili ukali wa saruji.

Kuhusu nyufa nitasema kwa kifupi: chora mstari wa penseli kwenye ncha ya ufa na uandike tarehe. Ufa ukiuvuka mstari huo baada ya miezi kadhaa, mwite fundi ujenzi kwanza.

Rangi nanunua mwenyewe, na ndoo hufunguliwa mbele yangu, kwa sababu rangi iliyozimuliwa kupita kiasi hutambulika baada ya fundi kuondoka. Hesabu si ngumu. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kimo cha mita 3 kina mita za mraba 48 za kuta, na ukitoa mlango na dirisha hubaki kama 44. Kwa mikono miwili ni 88, na kwa kuwa lita moja ya rangi ya maji hufunika takribani mita za mraba 10 kwenye ukuta laini, utahitaji lita 9 hivi, na zaidi kidogo kama ukuta una mikwaruzo. Hela ya ufundi tunaiandika kwenye karatasi na kuigawa mara tatu: ya kuanzia, ya pili baada ya mimi kukagua maandalizi, na ya mwisho baada ya kazi kukamilika. Hiyo ya pili ndiyo inayonilinda.

Kwa kuta za nje, nachagua kipindi baada ya mvua kwisha, na siku za upepo mkali wa vumbi tunasimama. Jua letu hukausha rangi kabla rola haijarudi, alama za maungio zikabaki, kwa hiyo fundi mzuri huukimbia jua: asubuhi hupaka upande wa magharibi na alasiri upande wa mashariki. Malipo ya mwisho nayatoa jioni, baada ya kuzungusha tochi sambamba na ukuta, maana mwanga wa ubavuni huonyesha kila bonde la puti, ule udongo laini wa kusawazisha ukuta. Rangi iliyobaki naifunga vizuri kwenye kopo, nikiandika juu yake jina la chumba na mwezi tuliopaka.