Maswali ya jikoni na vitabuni: anchovi

Nasomesha tamthilia ya Henry IV ya Shakespeare. Falstaff, mhusika wake mlevi, akiwa amelala, mfukoni mwake wanakuta hesabu ya deni la hotelini, na ndani yake kuna "anchovies". Wanafunzi wananiuliza ni kitu gani. (Mwalimu, Tanga)

Ni samaki wadogo wa baharini waliolazwa kwenye chumvi, mwalimu. Isome hesabu hiyo darasani mstari kwa mstari: jogoo aliyehasiwa shilingi 2 na peni 2, rojo peni 4, divai galoni 2 kwa shilingi 5 na peni 8, halafu anchovi na divai "baada ya chakula cha usiku", shilingi 2 na peni 6. Mkate je? Nusu peni. Waulize wanafunzi kwa nini anchovi waje mtu akiwa ameshashiba. Hawakuletwa kwa ajili ya njaa. Chumvi yao inavuta kiu, na kiu inaita divai nyingine. Mlevi mzima kachorwa kwa mistari mitano ya deni, na mimi kila nikiisoma napendezwa upya.

Basi si ndio dagaa hao? (Mombasa)

Inategemea dagaa gani. Dagaa mchele wa Unguja na Pemba ni ukoo mmoja na anchovi wa Ulaya. Mshike mmoja akiwa mbichi umtazame: pua imetokeza mbele ya taya la chini, na mdomo umepasuka hadi nyuma ya jicho. Dagaa wa Kigoma wako upande wa sadini. Wale wa Ziwa Victoria, omena, ni jamii nyingine kabisa.

Kitabu cha zamani cha mapishi ya Kiingereza kinaniambia nitie anchovi kwenye rojo ya nyama ya kondoo. Si itanuka samaki? (Nairobi)

Hainuki, dada, na ningependa ujaribu kabla hujafunga kitabu. Hannah Glasse, ambaye kitabu chake kilitoka London mwaka 1747, anawatia kwenye rojo za nyama mara kwa mara, kama sisi tunavyotia bizari. Kwao anchovi alikuwa kiungo.

Mimi niliweka kijiko cha siagi kwenye moto mdogo, nikalaza minofu mitatu. Mwanzoni harufu ilipanda kali, karibu nizime jiko. Kisha kingo zikaanza kumomonyoka, nikasukuma kwa mwiko, na muda si muda sikuona samaki tena, ila uji wa kahawia uliotandaa kwenye siagi. Nikamimina juu yake maji yaliyochuruzika kutoka kwenye paja la kondoo. Mezani waliniuliza nyama nimeipika na nini. Aliyetaja samaki hakuwepo.

Siri iko kwenye ile miezi ya kukaa na chumvi. Vimeng'enya vya samaki mwenyewe huvunja protini zake na kuacha glutameti huru, kitu kinacholeta ladha nono. Ikikutana na inosineti, kileta ladha kingine kilichomo kwenye nyama, ladha hukolea kuliko kila moja ikiwa peke yake. Chumvi usitie mpaka uonje.

Nani aliyeanza kuunga chakula kwa samaki wa chumvi? (Dodoma)

Warumi walikuwa na garumu, mchuzi wa samaki na matumbo yao yaliyochachuka kwenye chumvi juani. Huko Pompeii, mji wa Warumi hao, mfanyabiashara mmoja wa garumu, Aulus Umbricius Scaurus, alitandaza picha za mitungi ya mchuzi huo kwenye sakafu ya nyumba yake. Mji wa Cetara, Italia, hadi leo unakamua maji ya anchovi waliolazwa chumvi.

Huku hatupati anchovi wa mkebe. Dagaa mchele watafaa? (Unguja)

Watafaa, ila usingoje wayeyuke. Wetu huchemshwa kwa maji ya chumvi ndipo waanikwe, na moto huo unaviua vile vimeng'enya, kwa hiyo nyama hubaki imara. Watoe vichwa na matumbo ili uchungu usiingie, wakaange bila mafuta mpaka wavunjike kwa vidole, watwange wawe unga. Kijiko kimoja cha chai kinatosha sufuria ya familia. Kitie pamoja na kitunguu saumu, kabla ya nyanya.