Maswali ya wasomaji: ukumbi wa jamii, lipu inayobanduka na kelele za bati

Mchoraji wetu wa ramani ameweka nakshi za kienyeji mlangoni na paa lenye umbo la nyumba za zamani. Wajumbe wenzangu wanasema hilo latosha kuufanya ukumbi uwe wa kwetu. Naona kuna kitu kinakosekana, ila sijui nikidai vipi. (Katibu wa kamati ya ujenzi)

Ndugu Katibu, umeona sawasawa. Nakshi ina nafasi yake, lakini huja mwisho. Utamaduni wa watu uko kwanza katika namna wanavyotumia mahali: nani anaingia kwa mlango upi, mgeni anasimama wapi kabla hajakaribishwa, wazee wanasubiri wapi, siku ya shughuli wapishi wanakaa upande gani na moshi wao unaelekea wapi. Jengo likikosea hapo, hakuna atakayegombana na kamati. Watu wataacha kuja, basi.

Mfano mkubwa ni Gourna Mpya, kijiji kilicho karibu na Luxor nchini Misri. Msanifu Hassan Fathy alianza kuijenga mwaka 1945 kwa matofali ya udongo na kuba za mtindo wa Kinubi. Kwa ufundi, kazi ile inasomwa mpaka leo. Hata hivyo, wengi wa waliokusudiwa kuhamia walikataa. Riziki yao ilitegemea makaburi ya kale yaliyokuwa pembeni ya kijiji chao cha zamani, na kuba kwao zilikuwa za makaburi, si za nyumba. Udongo ulikuwa wa palepale, lakini uamuzi wa kuhama haukuwa wao.

Kabla ramani haijapitishwa, dai mambo mawili. La kwanza ni jedwali la matumizi. Juu andikeni saa za siku, pembeni andikeni makundi: watoto, vijana, wanawake, wanaume, wazee, wenye ulemavu. Lijazeni kwa siku ya kawaida, siku ya mkutano, siku ya msiba na siku ya mvua kubwa. Wanawake wahojiwe peke yao na mwanamke mwenzao, maana katika kikao cha pamoja anayesikika ni yuleyule mwenye sauti siku zote. Msiulize “mnataka nini?”, kwani mtajibiwa kwa orodha iliyonakiliwa kwenye jengo la jirani. Ulizeni: “Mara ya mwisho mlipokutana, mlikaa wapi, na kwa nini pale?” Jibu la swali hilo ndilo linalochoreka.

La pili ni kuiweka ramani chini kwa vipimo vyake halisi. Mnahitaji vigingi, kamba na mfuko wa chokaa. Chora kuta kwa chokaa, acha nafasi za milango, panga viti, kisha waambieni watu waigize. Wanne wabebe kitanda kupitia mlango mkuu. Mwenye kiti cha magurudumu ageuke chooni. Anahitaji duara la mita 1.5, na mlango wenye uwazi usiopungua sentimita 90. Pimeni na njia ya mteremko: kwa kila sentimita 1 ya kupanda, sentimita 12 za urefu. Sakafu iliyoinuliwa sentimita 45 inahitaji mteremko wa mita 5.4, na mara nyingi hapo ndipo inapogundulika kuwa kiwanja hakitoshi. Kasoro nyingine inayojitokeza sana ni mlango wa choo kutazamana na mahali wanapokaa wazee. Kwenye chokaa unang’oa vigingi viwili na kusogeza. Msingi ukishamwagwa, unavunja zege.

Angalieni pia upana wa kibaraza. Kikiwa chini ya mita 2 ni njia ya kupita tu. Kuanzia mita 2.5 watu wanakaa na wengine wanapita bila kuruka miguu ya mtu. Bajeti ikibana, punguzeni ukumbi kabla ya kupunguza kibaraza, kwa sababu ukumbi hujaa siku chache ilhali kibaraza hutumika kila siku.

Kuta za kituo chetu ni za matofali ya udongo mabichi. Tulipiga lipu ya saruji ili zidumu, lakini baada ya misimu miwili ya mvua inabanduka kwa mapande makubwa. Fundi anashauri tuweke waya wa kuku kisha tupige upya. Tufanye hivyo?

Hapana, tafadhali msifanye hivyo. Saruji ni ngumu na haipumui, wakati ukuta wa udongo hutanuka kidogo ukipata unyevu na kusinyaa ukikauka. Lipu isiyoweza kufuata mwendo huo hupasuka nyufa nyembamba kama uzi. Maji ya mvua huingia kwenye nyufa, yakashindwa kutoka. Udongo nyuma ya lipu hulainika, na siku pande linapoanguka huondoka na ngozi ya ukuta. Tazama mgongo wa pande lililoanguka: utakuta tabaka la udongo limeng’ang’ania. Waya utashikilia lipu isianguke huku ukuta ukiendelea kuoza kwa siri, na hiyo ni hatari zaidi.

Bandueni lipu yote, kuanzia juu kwenda chini, bila kugongagonga kwa nguvu. Acheni ukuta ukauke wiki kadhaa wakati wa kiangazi. Kabla ya lipu mpya, tibuni chanzo cha maji. Chini, ukuta wa udongo ukae juu ya msingi wa mawe au zege ulioinuka angalau sentimita 30 kutoka ardhini, maana matone ya mvua hurukia juu na kuula ukuta kwenye nyayo zake. Kama jengo limeshasimama na msingi ni mfupi, shusheni ardhi kuzunguka jengo na mtengeneze mteremko wa kupeleka maji mbali. Juu, upenu utoke sentimita 60 hadi 90 nje ya ukuta. Mkiyapuuza haya mawili, hakuna lipu itakayowasaidia.

Lipu yenyewe iwe ya chokaa: sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga safi. Lowanisheni ukuta kwanza. Pigeni tabaka nyembamba, kila moja ikiwa na unene wa takriban milimita 10, na ya pili isubiri wiki moja hivi. Ifunikeni kwa magunia yenye maji, kwani jua kali likiikausha haraka hugeuka unga. Kwa kuta za ndani, lipu ya udongo na mchanga iliyochanganywa na nyasi zilizokatwakatwa inatosha kabisa.

Kwa wanaofikiria kujenga upya kwa matofali ya udongo yaliyoshindiliwa na saruji kidogo, pimeni udongo kwanza. Tengenezeni kisanduku chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, kipakeni mafuta ndani, kijazeni udongo wenye unyevu na kuushindilia, kisha kiacheni juani siku 3 au kivulini siku 7. Sukumeni udongo wote upande mmoja na kupima pengo. Likiwa chini ya milimita 15, changanyeni saruji 1 kwa udongo 18. Milimita 15 hadi 30, 1 kwa 16. Milimita 30 hadi 45, 1 kwa 14. Milimita 45 hadi 60, 1 kwa 12. Likizidi hapo, udongo una mfinyanzi mwingi mno. Ongezeni mchanga na mpime tena. Kosa la kawaida ni kuyaanika matofali juani mara yanapotoka mashineni. Yawekwe kivulini, yafunikwe na yamwagiliwe kwa wiki nzima, na ujenzi usubiri siku 28 zitimie.

Shule yetu ina paa la bati. Mchana ni joto, mvua ikinyesha mwalimu hasikiki. Tumeambiwa tuweke dari ya mbao nyembamba.

Dari itapunguza joto iwapo tu hewa iliyo kati yake na bati inatoka. Acheni matundu kwenye penu zote mbili na kileleni, yawekwe wavu wa kuzuia popo. Dari iliyozibwa kila upande hushika joto mpaka jioni. Kuhusu kelele, mbao nyembamba husaidia kidogo tu, kwani sauti huzuiwa na uzito. Shule ya msingi ya Gando nchini Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001 kwa usanifu wa Francis Kéré, imetatua yote mawili: dari ni ya matofali ya udongo yenye matundu, na bati limeinuliwa juu yake kwa kenchi nyepesi za nondo, hivyo upepo unapita katikati. Lakini msipandishe dari nzito kwenye jengo lililopo kabla mhandisi hajakagua kuta na lenta, yaani boriti zinazopita juu ya milango na madirisha.

Madirisha yawe pande zote mbili za darasa, na upana wa chumba usizidi mara 5 ya kimo chake, la sivyo upepo hauvuki. Kwa majengo mapya ya ukanda wa tropiki, kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Jua la asubuhi na la jioni huja likiwa chini, upenu hauwezi kulikinga. Na unene wa ukuta ufuate hali ya hewa: ukuta mnene ni rafiki pale ambapo usiku hupoa sana, ila penye joto na unyevu usiku kucha hurudisha joto ndani wakati watu wanataka kulala.

Paa letu la nyasi linavuja ingawa nyasi ni mpya.

Pimeni mwinamo. Chini ya nyuzi 45 maji hayateremki upesi, yanazama.

Tunapanga nyumba za gharama nafuu. Wakazi huongeza vyumba ovyo. Tuwazuieje?

Msiwazuie. Familia hukua, na nyumba isiyoruhusu hilo itavunjwa hata kama ni marufuku. Afadhali muipange nyongeza tangu mwanzo. Mradi wa nyumba wa Quinta Monroy huko Iquique, Chile, uliokamilika mwaka 2004, ulizipa familia 93 nusu ngumu ya nyumba: jiko, bafu, ngazi na kuta za kutenganisha majirani. Nusu ya pili iliachwa wazi, kila familia iijaze kadiri ya uwezo wake.

Kwenye ramani zenu, msingi wa sehemu ya nyongeza umwagwe sasa. Mahali patakapokuwa mlango wa baadaye, wekeni lenta leo na kujaza chini yake kwa matofali yasiyofungamana na ukuta, ili yatolewe bila kutikisa kitu. Dirisha pekee la chumba lisiwe kwenye ukuta utakaozibwa na nyongeza. Na chemba za maji taka ziwe nje ya eneo la vyumba vijavyo, maana mtu akishajenga juu ya chemba, siku ya kuziba mtaa mzima unapata taabu.