Maswali ya Wasomaji: Japani Ilipolegeza Sheria Mji kwa Mji

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba Japani iliwahi kuruhusu baadhi ya miji yake kulegeza sheria za nchi ili kufufua uchumi wa mikoa. Je, mpango huo unatofautianaje na maeneo ya viwanda vya kuuza nje, kama lile la Athi River nchini Kenya, na uliwafaa kweli watu wa vijijini? – Msomaji, Njombe.

JIBU: Ndugu msomaji, tofauti kubwa ni kwamba serikali ya Japani haikutoa ruzuku wala msamaha wa kodi. Athi River mwekezaji huvutwa kwa nafuu ya kodi na ushuru. Lakini chini ya sheria ya maeneo maalumu ya mageuzi, iliyopitishwa Desemba 2002 wakati wa Waziri Mkuu Junichiro Koizumi, halmashauri yenyewe ndiyo iliyotakiwa kuitaja kanuni inayowabana watu wake na kuomba ilegezwe katika eneo lake tu. Maeneo ya kwanza yaliidhinishwa Aprili 2003.

Chukua mji wa Tono, mkoani Iwate, kaskazini mwa nchi. Wakulima wa mpunga wa huko wana asili ya kutengeneza doburoku, pombe ya mchele isiyochujwa, nyeupe na nzito, ambayo ukiitazama bakulini bado unaona punje za wali zilizolainika. Kujitengenezea pombe nyumbani kulipigwa marufuku mwaka 1899, na aliyetaka leseni alipaswa kuzalisha angalau lita 6,000 kwa mwaka. Mkulima mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vichache angemuuzia nani lita zote hizo? Mwaka 2003 Tono ikakubaliwa kuwa eneo la doburoku, na mkulima anayepokea wageni kwake na kutumia mchele aliolima mwenyewe akaondolewa sharti hilo la kiwango. Leseni bado anaiomba na kodi ya pombe bado anailipa. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi wetu tukisikia sheria imelegezwa hudhani imefutwa.

Kisiwani Shodoshima, mkoani Kagawa, kilichobana kilikuwa ardhi. Wakulima walikuwa wamezeeka na mashamba yao yakiota magugu, ilhali sheria haikuruhusu kampuni za kawaida kukodi mashamba. Eneo maalumu likaziruhusu kukodi na kupanda mizeituni. Ruhusa ya aina hiyo, baada ya kujaribiwa sehemu mbalimbali bila madhara makubwa, ilipanuliwa nchi nzima mwaka 2005, na hapo ndipo ninapoona nguvu halisi ya utaratibu huu: mji mdogo unaweza kuwa sababu ya taifa zima kubadili sheria.

Je, uliwafaa watu wa vijijini? Uliwafaa, ila kwa kiasi. Mchele uliokuwa ukiuzwa kwa kilo sasa unamfikia mgeni mezani kama kinywaji, pamoja na chakula na malazi, na mapato hayo hubaki kwa mkulima. Hata hivyo idadi ya wakazi wa Tono imeendelea kupungua, kwani kijana anayehamia mjini kutafuta ajira harudishwi na bakuli la doburoku. Mwaka 2013 serikali ya Shinzo Abe ilileta sheria nyingine, ambayo chini yake serikali kuu ndiyo huchagua maeneo, na Tokyo lenyewe likawamo. Binafsi naona mpango ule wa kwanza, ulioanza kwa kuusikiliza mji kama Tono, ndio uliokuwa karibu zaidi na watu unaowaulizia.