Filamu nne za kutisha usiku wa Halloween: ipi ianze?

Ndugu, umeuliza uzitazameje Psycho, Night of the Living Dead, The Exorcist na Halloween kwa usiku mmoja, na uzipangeje kwa ubora. Anza na Psycho (1960) ukiwa bado na nguvu. Hofu yake hujengwa polepole, ukisinzia umeikosa. Kisha The Exorcist (1973). Kwangu hiyo ndiyo namba moja, ila usiitazame huku unakula! Night of the Living Dead (1968), ya mwongozaji George Romero, ifuate. Halloween ya 1978 iwe ya mwisho: ni fupi, na ule muziki wa piano, aliotunga mwongozaji mwenyewe, John Carpenter, utakuamsha. Alama ziandike kila filamu inapoisha. Ukingoja asubuhi, huenda ukasahau ulivyoiona kila moja.