Maswali ya Walimu: Sayansi Nje ya Darasa

SWALI: Nafundisha Biolojia Kidato cha Pili. Tulitoka kukadiria idadi ya mbigili kwenye uwanja wa shule wenye mita 20 kwa 30. Kila kundi lilirusha fremu ya nusu mita kwa nusu mita mara 4. Kundi moja limepata mimea 1,200, jingine 7,200. Nani kakosea?
Mwalimu, Dodoma

JIBU: Huenda wote wamehesabu sawasawa, Mwalimu. Fremu yenu ina mita za mraba 0.25, na uwanja wa mita za mraba 600 unaingia fremu 2,400. Kundi lililoona mimea 2 katika fremu 4 lina wastani wa 0.5; zidisha kwa 2,400 upate 1,200. Lililoona 12 lina wastani wa 3, ndiyo 7,200 yao. Kwa fremu 4, mmea mmoja tu ukiongezeka jibu linapanda kwa 600! Makundi 6 yakiunganisha hesabu zao mnakuwa na fremu 24, na mmea mmoja unabadilisha jibu kwa 100 tu. Waacheni wanafunzi wagundue hilo wenyewe kabla hamjawaambia.

Tatizo la pili ni kurusha. Mwanafunzi hurusha palipo na mimea, hata akifumba macho, kwa sababu ameshachagua pa kusimama. Tandazeni kamba mbili kwenye pande mbili za uwanja zinazokutana konani, kila moja ikiwa na alama kila mita. Wekeni vikaratasi vya 0 hadi 19 kwenye kopo moja, vya 0 hadi 29 kwenye kopo jingine. Kila kundi lichote kimoja kimoja, lirudishe, kisha liweke kona ya fremu pale namba zinapokutana. Ikiangukia mahali pasipo na kitu, waandike 0. Hapo ndipo makundi mengi huharibu: huhamisha fremu "kwa kuwa hapa hamna kitu", na makadirio yanavimba.

Kubalianeni pia kuhusu mimea ya ukingoni. Mbigili hutambaa, kwa hiyo hesabuni shina lilipoota, si matawi yalikofika. Shina likiwa juu ya ukingo wa kaskazini au magharibi lihesabiwe. La kusini au mashariki liachwe. Nyasi zinazotambaa na kutoa mizizi kila kifundo hazihesabiki hivyo. Gawanyeni fremu kwa uzi iwe na vyumba 25 vya sentimita 10, kila chumba kiwe asilimia 4, mkadirie eneo lililofunikwa.

Mkishamaliza, chorani mstari kutoka ukingo wa njia wanayopita wanafunzi kuingia uwanjani, muweke fremu kila mita 2. Miiba ya mbigili hunasa kwenye soli za viatu na kudondoka njiani, hivyo tazameni kama idadi inapungua kadiri mnavyoiacha njia. Kipindi hiki cha pili, kwa maoni yetu, kina sayansi zaidi kuliko cha kwanza.

SWALI: Mwezi wa Mei tulisimamisha fimbo uwanjani kutafuta kivuli kifupi kuliko vyote. Kitabu kinasema ni saa 6 mchana, sisi tumepata kama saa 6:45. Je, saa yetu mbovu?
Mwalimu wa Jiografia, Mwanza

JIBU: Saa yenu nzima, na kipimo chenu ni kizuri sana. Saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo 45, inayopita karibu na Mogadishu. Mwanza iko karibu na longitudo 33, nyuzi (digrii) 12 magharibi yake, na dunia huzunguka uzi mmoja kwa dakika 4. Zidisheni: dakika 48. Kuna pia mabadiliko ya msimu, ndiyo maana ninyi mlipata dakika 45 badala ya 48. Mwanzoni mwa Novemba jua lenu hufika juu kama saa 6:32, na katikati ya Februari kama saa 7:02.

Msitegemee kukiona kivuli "kikigeuka", kwani karibu na adhuhuri urefu wake haubadiliki kirahisi na ncha ina ukungu. Chorani duara kuzunguka fimbo ya mita 1 iliyonyooshwa kwa uzi na jiwe. Andikeni saa ncha inapogusa duara asubuhi na inapoligusa tena alasiri. Katikati ya saa hizo mbili ndiyo adhuhuri yenu. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba kivuli cha adhuhuri Mwanza karibu kinatoweka, siku nzuri ya kuwaita wanafunzi wote. Wasilitazame jua lenyewe.

SWALI: Tuwapeleke lini wanafunzi kuona viumbe vya miambani baharini?
Mwalimu, Tanga

JIBU: Siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mchanga, wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Maji hupwa kabisa karibu saa 4 au saa 5 asubuhi, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Fikeni saa moja na nusu kabla, mfuate maji yanapotoka, mgeuke mara yanapoanza kurudi. Viatu vya soli ngumu ni lazima. Konokono wenye gamba la umbo la koni wasiguswe, baadhi wana sumu kali. Jiwe mlilolipindua lirudisheni lilivyokuwa, maana viumbe vya chini yake hukauka juani.