Usinunue pampu kabla hujaleta ndoo

Kwenye rafu ya gereji yangu hapa Unga Limited, Arusha, kuna pampu mbili za maji za volti 12. Zote nzima. Nilizing'oa mwenyewe kwenye magari ya wateja nikiwa na uhakika zimekufa, nikafunga mpya, na maji yakaendelea kutoka vile vile. Sijaziuza. Nimeziacha pale zinitazame.

Kazi yangu ni kufunga maji kwenye magari ya kambi: tangi, pampu, sinki la jikoni, shawa ya nyuma. Pampu zenyewe ndizo zile zile zinazofungwa kwenye boti za starehe, kwa hiyo mara moja moja napigiwa simu na mtu ambaye chombo chake kiko baharini. Juzi alikuwa mteja wangu wa siku nyingi, anakaa Njiro, boti yake iko Tanga.

"Fundi, shawa inatoa maji kama mate. Pampu inalia tu. Nitafutie nyingine, Ijumaa naondoka nayo."

"Subiri kwanza, Mangi. Kwenye boti kuna mtu?"

"Yupo dogo anayeilinda."

"Nirushie namba yake."

Zamani ningemtafutia pampu. Nitawaambia kilichonifundisha.

Kulikuwa na gari moja la kambi ambalo wageni walikuwa wakilalamika kila wakilala kambi ya Simba, kule juu ukingoni mwa Ngorongoro. Baridi ya pale mnaijua, halafu usimame chini ya shawa inayodondosha. Nikabadilisha pampu. Safari iliyofuata, malalamiko yale yale. Ndipo nikashika mita ya kupimia umeme, kitu ambacho ningepaswa kukifanya siku ya kwanza. Kwenye betri: volti 12.6. Kwenye ncha za pampu, koki ikiwa wazi na pampu inazunguka: 10.2. Volti zaidi ya mbili zimepotelea njiani! Nikafuata waya chini ya kapeti hadi mbele, nikakuta aliyelifunga gari lile alitumia waya mwembamba wa spika, mita sita kwenda na sita kurudi. Pampu ya namna hii inaweza kula ampea saba ikibanwa. Waya ule haukuwa na ubavu. Nikaweka wa milimita nne za mraba, nikarudisha pampu ya zamani kwa majaribio, shawa ikapiga hadi kwenye mlango wa gari. Pesa ya pampu mpya nilimrudishia mteja, na nilisikia uchungu, sitadanganya.

Zingatia: pima pampu ikiwa inafanya kazi. Ikiwa imetulia kwa sababu koki zimefungwa, utasoma 12.6 kila mahali na utajiona huna tatizo. Kwenye boti angalia zaidi viungo vya waya na kishikio cha fyuzi, maana chumvi inaweka ukungu wa kijani ambao unapitisha umeme kidogo tu, wa kuiamsha pampu lakini si wa kuifanyisha kazi.

Sasa, kama umeme uko sawa, elewa kwamba mfumo una pande mbili. Upande wa kuvuta unaanzia tangini, unapita kwenye chujio, unaingia kwenye pampu. Upande wa kusukuma unatoka kwenye pampu kwenda kwenye koki. Upande wa kusukuma ukivuja utaona maji. Kwenye boti yatajikusanya ngamani, kule chini kabisa ya sakafu. (Chovya kidole, gusisha ulimi, tema. Kama si ya chumvi, ni ya tangi lako.) Upande wa kuvuta ukivuja huoni hata tone, kwa sababu pale kinachopenya ni hewa, na inaingia ndani. Pampu inazunguka, koki inakohoa na kutema mapovu, na lawama zote zinaiangukia pampu.

Kwa kweli pampu haivuti maji. Inatengeneza upungufu wa hewa ndani yake, halafu hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji yaingie. Ndiyo maana tundu la kupumulia la tangi likiziba, maji yanapungua taratibu hadi yanakata. Nimekuta nyigu wamelijaza udongo. Jaribu kufungua kifuniko cha kujazia maji. Presha ikirudi, umempata mwizi. Na ndiyo maana pia kiungo chenye kasoro ndogo kinaweza kuvumilika Tanga usawa wa bahari, ila kikaanza kukuumbua kwenye mita 2,300 za Simba, ambako hewa ni nyepesi.

Basi nikampigia dogo. Nilimwambia achomoe mpira unaotoka tangini pale unapoingia kwenye pampu, pamoja na chujio lake, aweke kipande kingine cha mpira mgumu, mwisho wake auzamishe kwenye ndoo ya maji safi, kisha afungue shawa. Mpira uwe mgumu, ule laini wa bustani unajikunja kwa kunyonywa.

Nikasikia maji yanapiga ukuta kwenye simu.

"Fundi, inatoa balaa!"

Kwa hiyo pampu nzima, shawa nzima, umeme mzima. Kosa liko kati ya tangi na pampu. Kama ndoo isingebadilisha kitu, ningemrudisha mbele: afungue kichwa cha shawa na vile vichujio vidogo vya kwenye midomo ya koki, aviloweke kwenye siki usiku mmoja. Na kama maji ya baridi yangekuwa na nguvu huku ya moto ni dhaifu, basi hita na viungo vyake. Kile kiskurubu cha kwenye swichi ya presha ndicho nilichomkataza kabisa kugusa. Mafundi wengi hukimbilia kukizungusha. Kinaamua pampu izime kwenye presha gani. Hakiiongezei pampu nguvu, na ukikizidisha pampu haitazima hata koki zote zikifungwa.

Dogo akafungua chujio. Nilitegemea taka, hasa zile chenga za plastiki zinazobaki tangi likitobolewa, maana hizo nimezitoa kwenye magari mengi. Halikuwa na taka. Nikamwomba akipige picha kifuniko chake, kile cha plastiki angavu. Ukingoni kulikuwa na ufa kama unywele, na kando yake alama za meno ya koleo. Mtu alikikaza kwa nguvu ili kisivuje, kumbe alikipasua.

Kifuniko kipya nilikituma kwa basi na mpira wake wa duara, nikampa maelekezo aupake grisi ya silikoni kidogo, kisha akikaze kwa mkono mpaka kigome, basi. Koleo libaki kwenye boksi.