Kwa wanaoanza kuwahudumia waraibu wa pombe: dawa iende na mazungumzo

Ndugu zangu mnaoanza kazi ya ushauri nasaha kwa waraibu wa pombe, Unguja na Pemba, msikubali mgonjwa apewe kidonge dirishani kisha aachwe aende zake. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, uliohusisha wagonjwa 1,383 waliotibiwa kwa wiki 16, ulionesha kuwa naltreksoni, dawa ya kupunguza unywaji, ilisaidia, na tiba ya tabia, yaani mazungumzo ya kumsaidia mtu abadili mwenendo wake, nayo ilisaidia. Lakini hata aliyepewa dawa bila tiba hiyo alikuwa akikutana mara kwa mara na mtaalamu wa afya, wakizungumzia unywaji wake na namna anavyomeza dawa. Kwangu mimi hilo ndilo funzo kubwa.

Naltreksoni, ambayo kwa kawaida humezwa miligramu 50 kwa siku, hupunguza raha ya pombe na hamu yake. Haimwambii mtu apite njia gani jioni akitoka kazini, wala awajibu nini wenziwe wanaomngoja kwenye tembo. Hayo mtayatafuta pamoja naye, na jibu alifanyie mazoezi mbele yenu kwa maneno yake mwenyewe.

Kabla daktari hajaandika dawa hiyo, ulizeni kuhusu unga, yaani heroini, tena faraghani, mama au mke akiwa nje. Anayetumia heroini, au anayekunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, pale hospitali ya Kidongo Chekundu, akimeza naltreksoni atapatwa na arosto, yaani mateso ya kukosa unga, kali na ya ghafla. Kwetu, ambako pombe yenyewe hufichwa kwa ajili ya dini na heshima ya ukoo, mtu hukiri kimoja akakinyamazia kingine. Kwa hiyo swali lirudiwe siku nyingine, na lisichanganywe na mawaidha.

Ramadhani inataka tahadhari ya pekee. Nia ya kuacha pombe mwezi unapoandama ni njema na iheshimiwe, ila aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akikata ghafla, anaweza kutetemeka, kupata kifafa ndani ya siku mbili za mwanzo, na baadaye kuchanganyikiwa kiasi cha kuhatarisha maisha yake. Mwoneni tangu Shaabani, daktari ampangie diazepamu ya kutuliza dalili hizo na thiamini, yaani vitamini B1, na tiba ya tabia ishike kasi akili ikishatulia. Akiteleza baada ya Idi, asinyimwe naltreksoni kama adhabu. Mwiteni wiki hiyohiyo, mchunguze pamoja naye ilikuwa wapi, saa ngapi, na alikuwa na nani.